Dogo anashusha gia boksi peke yake, jioni anapewa hela ya kula. Malipo ya haki ni yapi?

BintiGereji_Uyole

Habari za saa hizi wadau. Naombeni mawazo ya watu wanaoijua gereji, hasa wa huku kwetu Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, maana bei za Dar mimi hazinisaidii.

Mzee wangu ana gereji ndogo hapa Uyole, ya miaka mingi tu, saivi miguu inamsumbua kwa hiyo anafika saa nne, anakaa kwenye kiti chake anaangalia kazi, mimi ndo nashika daftari, napokea hela na kuongea na wateja. Ufundi siujui ila hesabu nazijua. Sasa kuna kijana, ana miaka 21, alikuja hapa kazi yake ikiwa kushika tochi na kuosha spea na petroli, enzi hizo alikuwa anapewa 3,000 ya kula na nauli na hakuna aliyeona tatizo, yeye mwenyewe alikuwa anashukuru. Ila dogo yule wa tochi hayupo tena. Leo anashusha gia boksi ya Hiace peke yake, anabadilisha klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi, anaipandisha, anaenda kuitesti kwenye mpando wa njia ya Tukuyu anarudi anakwambia iko sawa na kweli iko sawa. Kuna wateja wakifika wanauliza "dogo yupo?" hata mzee hawajamsalimia.

Na malipo yamebaki yale yale ya enzi za tochi. Jioni mzee anaingiza mkono mfukoni, siku ikiwa nzuri anatoa 7,000, ikiwa mbaya 3,000, na kuna siku anamwambia tutaonana kesho. Nina mstari huu kwenye daftari wa wiki iliyopita: Hiace, klachi, ufundi 80,000. Dogo aliianza asubuhi akaimaliza saa kumi na moja jioni, kalala juu ya boksi lililokunjuliwa chini, na mnalijua baridi la huku mwezi wa saba, spana zenyewe ukizishika zinauma. Akapewa 7,000. Nilipomuuliza mzee akanijibu yule ni mwanafunzi wangu, sisi tulifundishwa bila kulipwa hata mia. Simbishii mzazi wangu kuhusu walivyofundishwa, ila mwanafunzi anaacha lini kuwa mwanafunzi akawa fundi, na nani anasema sasa basi?

Dogo mwenyewe hajalalamika. Nasikia kuna gereji ya Mbalizi inamwita, lakini sitaki nimlipe vizuri kwa kuogopa ataondoka, nataka apate kinachomstahili hata kama asingekuwa na pa kwenda. Hela ya mtu aliyelala chini ya gari siku nzima mimi inaniuma nikiiweka kwenye droo.

Kwa hiyo nauliza, nimlipe kwa siku, kwa kazi au kwa mwezi? Na gari likirudi baada ya wiki mbili nani anabeba? Vifaa vikubwa ni vya gereji ila spana ndogo na soketi kaanza kununua zake.

Kijana_Nzovwe

Mpe 10,000 kila siku, kazi iwepo isiwepo, mambo yaishe. Mahesabu mengi ndo yanaleta ugomvi.

BintiGereji_Uyole

Asante kaka. Niliwaza hivyo hivyo, ila siku akipiga klachi moja na bushi za mbele za gari lingine atakuwa bado kaonewa, afu kuna ile miezi ya Januari na Februari hela hakuna mtaani, mpunga wa Usangu bado uko shambani, mtu anaendesha gari linagonga na halileti gereji. Hapo 10,000 kila siku naweza nikashindwa, na kuahidi kitu nisichoweza kukitoa naona ni vibaya zaidi.

Fundi_Ipogolo

Kamwene dada. Mi ni fundi niko Ipogolo hapa Iringa, nilianzia chini kama huyo dogo na saivi nina vijana wawili wananitegemea, kwa hiyo naandika nikiwa najua maumivu ya pande zote mbili.

Kitu cha kwanza tenganisha hela. Gereji nyingi zetu zinaharibikia hapo, hela ya spea, hela ya ufundi, hela ya kuchomelea, hela ya mafuta ya kutestia vyote vinaingia mfuko mmoja, jioni mtu anahesabu anakuta 90,000 anaona leo tumepiga kumbe 60,000 inadaiwa na duka la spea, afu kesho yake anamwambia kijana siku ilikuwa mbaya. Kijana agawiwe kwenye ufundi tu, na kabla ya kugawa toa vile vilivyoliwa na kazi yenyewe, grisi, kuchomelea, nauli ya kufata spea. Chukua hiyo Hiace. Ufundi 80,000, vitu vidogo tuseme 8,000, inabaki 72,000. Hiyo ndo mnagawana.

Afu angalia nani kafanya nini kwenye hilo gari. Mi navyofanya, kama mimi ndo nimelisikiliza gari nikajua ugonjwa, kijana akafungua na kufunga nikiwa nimesimama pale, anachukua 20 kwa mia. Kama kalipokea mwenyewe, kajua tatizo mwenyewe, kafunga, kalitesti na anaweza kumweleza mteja alichofanya, huyo sio mwanafunzi tena hata kama ana miaka 17 au 40, namwekea 35. Mteja akiwa ni wake kamleta yeye kutoka kwao tunagawana nusu kwa nusu. Hapo ndo jibu la swali lako la lini mtu anaacha kuwa mwanafunzi, hakuna siku ya sherehe, unaangalia gari kwa gari. Huyo dogo kwenye klachi ni fundi, kwenye umeme wa gari inawezekana bado anajifunza, basi klachi mlipe kifundi na umeme mlipe kama anayejifunza. Kwa hiyo ile Hiace ilikuwa na 25,200 yake. Alipata 7,000.

Sasa siku kavu. Hapa ndo utalinda tumbo lake. Mpangie kiasi cha kila siku akija kazini, mi natoa 8,000, ila kinahesabika kama kianzio cha fungu lake la wiki. Jumamosi mnakaa na daftari. Mfano wiki hiyo fungu lake limefika 93,000, siku sita kashachukua 48,000, unamkabidhi 45,000 mkononi. Wiki nyingine kazi hakuna, fungu lake ni 30,000 tu na kashakula 48,000, ile 18,000 iliyozidi usiiandike deni, hiyo ni ya gereji, imekwisha. Ukianza kumbebesha wiki mbaya atafika mwezi wa pili anadaiwa laki na kazi alikuwa anakuja kila siku, mtu gani atapona hapo. Mwenye gereji ana wiki nzuri za kufidia, kijana hana.

Na kila kazi iandikwe yeye akiwa amesimama pale. Asomewe, aone kiasi mteja alicholipa. Wazee wetu wa maduka walibandika ukutani mali bila daftari hupotea bila habari, na kijana nae ni hivyo hivyo, akiona namba hata kama ni ndogo atakaa, akifichwa atahisi ni kubwa kuliko zilivyo.

MzeeWaSpana_Soweto

Mwanangu, nimesoma yote. Nina gereji hapa Soweto, Mbeya mjini, nimelea vijana wengi na wengine wana gereji zao Tunduma na Vwawa, naomba nimsemee mzee wako kidogo maana hayupo hapa kujitetea.

Hizo asilimia ni nzuri kuzisoma ila mwenye gereji anaamka akiwa anadaiwa. Mimi kodi ya kiwanja kwa mwezi 150,000, mlinzi tunachangia na jirani yangu 60,000, umeme 40,000. Hiyo ni 250,000, nikifanya kazi siku 25 kila siku kabla sijafungua geti natakiwa niwe na 10,000 ya watu. Bado leseni, bado kodi ya mapato, bado jeki iliyovuja, winchi ya kushushia injini, mashine ya kupimia haya magari ya siku hizi ambayo bila kompyuta huoni kitu. Spana namba 14 na 17 mimi nanunua kila baada ya muda, zinaondoka hazijulikani zimeenda wapi. Huyo kijana anaingia asubuhi na mikono miwili na hasara haimhusu.

La pili kumfundisha mtu sio bure. Wakati anajifunza gia boksi alifunga vitu ambavyo havikukaa, spea zikafa, mteja akalipwa, nani alilipa? Mzee. Zile gharama ziko mgongoni kwake hata kama hazimo kwenye daftari lako. Mimi nasema 25 kwa mia inamtosha, na kila mwezi umnunulie kifaa kimoja kiwe chake, leo seti ya soketi, mwezi ujao rachi, baada ya mwaka ana boksi lake. Kijana wa miaka 21 ukimpa 45,000 Jumamosi mkononi Jumatatu hana kitu. Boksi la vifaa hawezi kulinywa.

Fundi_Ipogolo

Shikamoo mzee. Gharama nazikubali zote maana na mimi nazilipa. Ila hapa kwenye kodi tuwe makini isihesabiwe mara mbili. Sisi wenye gereji tunachukua fungu kubwa, 65, tukisema ni kwa sababu ya kodi na vifaa, afu ikifika kumlipa kijana tunamtajia kodi tena. Uchague njia moja. Ama gharama za siku zikae ndani ya fungu lako na usizitaje tena, ama uzitoe juu kwa juu kabla ya kugawa na asilimia ya kijana ipande. Angalia Hiace ile ile, 72,000 toa 10,000 yako ya siku inabaki 62,000, mpe 40 kwa mia anapata 24,800. Ni karibu sawa na ile 25,200. Kwa hiyo mzee hata kwa mahesabu yako wewe, dogo bado anatakiwa azidi elfu ishirini kwa klachi ile, sio 7,000.

Ila kama unatoa kodi juu kwa juu itoe mara moja kwa siku, sio kwa kila gari. Nimeona gereji inakata ya eneo kwenye magari matatu siku moja.

Na la kumfundisha, mzee, alilipa tayari. Ile miaka anashika tochi kwa 3,000, anaosha spea, anafagia, anafungua matairi ya Fuso ya viazi kwenye tope, mteja alikuwa analipa ufundi kamili na yeye hakupata kitu humo. Ile ndo ada yake. Huwezi kumdai ada mtu aliyeshahitimu.

Vifaa kama njia ya kulipa sikatai, ila iwe juu ya hela, sio badala ya hela. Ana mama yake huenda, ana kodi ya chumba. Na akinywa hela yake ni yake mzee wangu, tunaweza kumshauri ila hatuwezi kumshikia.

MzeeWaSpana_Soweto

Marahaba. La kuhesabu mara mbili umenishika, ni kweli tunafanya. La boksi la vifaa bado nalisimamia, asipewe badala, apewe juu, sawa. Ila 35 kwa kijana ambaye hana dhamana ya gari likirudi bado naiona kubwa. Dada hajatuambia likirudi wanafanyaje.

BintiGereji_Uyole

Wazee wangu hapo mmegusa penyewe. Wacha nieleze maana hicho ndo kilichonileta.

Ile Hiace kabla ya hii ya juzi, ni gari la abiria la hapa hapa, dogo aliposhusha gia boksi akamwita mwenye gari akamwonesha oili sili ya nyuma ya injini, ule mpira unaozuia oili isivuje, inalowa, akamwambia hii tukifunga klachi mpya bila kuibadilisha oili itashuka kwenye pleti, tuibadilishe saivi tukiwa tumefungua maana baadae ni kazi nzima upya. Mwenye gari akasema hana hela, funga hivyo hivyo gari liingie barabarani. Nilikuwepo, nimesikia kwa masikio yangu. Mzee nae akasema funga. Gari likaenda, baada ya muda mfupi likarudi klachi inateleza, mpando hata wa kidogo halipandi, kufungua pleti nyeusi imelowa oili. Mteja akagomba, mzee akamrudishia sehemu ya hela, na dogo akafanya kazi ile upya bure kabisa na hela ya kula ya wiki nzima ikakatwa. Dogo alinyamaza. Alikaa pembeni anafuta mikono na tambara muda mrefu, mikono ilishakuwa safi anaendelea kufuta tu.

Mi nikaona hapana. Yeye ndo alikuwa mtu pekee aliyesema ukweli kwenye ile kazi.

Wakili_Mtaani

Dada pole. Nafanya kazi za masuala ya ajira huku nyanda za juu, nitaandika yanayokuhusu tu.

Watu wa gereji wanasema huyu sio muajiriwa ni kijana tu wa kusaidia. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 haiangalii mmeitana nani, inaangalia hali halisi. Anakuja saa mnayompangia, anatumia vifaa vyenu, anaelekezwa na nyie na riziki yake inatoka hapo, basi anachukuliwa ni muajiriwa mpaka nyie muoneshe vinginevyo. Maana yake Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamlinda. Saa 45 kwa wiki, siku isizidi saa 9, zinazozidi hapo ni mara moja na nusu. Na mnatakiwa muwe na maandishi yanayosema kazi yake ni nini, analipwa kiasi gani na kwa mtindo gani. Haihitaji mhuri wa wakili, karatasi mbili mnazosaini wote, moja anakaa nayo yeye.

Kulipana kwa asilimia ya kazi hakuna shida, ila ukijumlisha mwezi mzima isishuke chini ya kima cha chini cha sekta yenu ambacho kinatangazwa na waziri. Kile kiasi cha kila siku alichosema Fundi_Ipogolo kipangeni mkikiangalia hicho.

Sasa hilo la kumkata wiki nzima. Sheria inasema hasara ili ikatwe kwenye mshahara lazima iwe imetokana na kosa la huyo muajiriwa, aandikiwe sababu na kiasi kilivyopatikana, apewe nafasi ya kujitetea, na mkishakubaliana makato yasizidi robo ya malipo yake. Robo. Kumkata yote hairuhusiwi hata kama angekuwa amekosea, na hapa hakukosea kabisa. Ile hela mrudishieni.

Halafu kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwajiri ndo anachangia, kijana hakatwi. Jeki ikiteleza na mtu yuko chini ya gari, hapo hamtakuwa na uwezo wa kumhudumia kwa hela ya droo. Jisajilini.

BintiGereji_Uyole

Nashukuru sana, hilo la robo sikulijua na nitalisoma mbele ya mzee. Ile ya wiki namrudishia Jumamosi hii.

MamaSpea_Mafiati

Mwanangu mi niko upande wa spea hapa Mafiati, naona kitu ambacho nyie mlio gereji hamtaki kukisema. Kijana msipomlipa kwenye ufundi atajilipa kwenye spea. Anakuja kwangu anauliza stelingi reki bushi bei gani namwambia 35,000, ananiambia mama niandikie 45,000. Nikikataa anaenda duka la tatu anaandikiwa. Ile 10,000 ya cha juu mteja kailipa na haina jina, gereji haijui, dogo hawezi hata kuitetea.

Na ubaya wake mkubwa sio hela. Kijana akishazoea kula cha juu hachagui spea nzuri, anachagua duka linalomwachia kikubwa. Ndo unakuta breki pedi za ajabu ajabu zimefungwa kwenye gari linaloshuka Mlima Nyoka na abiria. Mimi hilo linanikosesha usingizi kwa kweli, maana breki naziuza mimi na najua ipi ni ipi ukiishika tu.

Fanyeni hivi, spea mteja alipe mwenyewe moja kwa moja dukani, kwa simu inawezekana, risiti inarudi na spea. Kama gereji inaweka faida yake kwenye spea, iseme wazi na dogo apate chake humo kwa kwenda kuchagua, maana kujua kuchagua spea nao ni ufundi. Huyo dogo wa sili ya nyuma nahisi namjua kwa jinsi anavyonunua, anakuja na ile ya zamani mkononi anafananisha, anauliza hii inatoka wapi, hajawahi kuniomba niandike bei ya uongo. Wa hivyo hawapo wengi.

Dereva_Tunduma

Mi naendesha semi, Dar mpaka Tunduma na ng'ambo, naongea kama mteja. Kijana wa aina hiyo mkimzoesha magari makubwa mtaitwa nje, na kutoka Uyole utaitwa Inyala, Igurusi, Chimala, mpaka Igawa, na upande wa pili Isongole na Kiwira. Kazi ya kufatwa njiani haina bei moja na ya gereji na isigawanywe kwa asilimia ile ile. Mtu anapanda gari usiku na boksi la spana, anafika baridi kali, anafanya kazi na taa ya simu magari yanapita nusu mita na mgongo wake. Nauli kwenda na kurudi na chakula vitoke kwa mteja kabla hajaondoka, visiguse ufundi. Ufundi wenyewe kama kaenda peke yake nusu iwe yake, na masaa ya njiani yahesabike. Mnunulieni koti linalong'aa na vibao vya pembetatu viwili, akifika aweke kwanza hivyo ndo afungue bonet. Nimeona pale Kitonga fundi kagongwa akiwa chini ya lori la mtu, namkumbuka mpaka leo.

Na kitu kingine sisi wateja tunawafanyia vibaya, tunamwita fundi apime, anahangaika saa mbili anagundua ugonjwa, tunamwambia ngoja nimpigie tajiri afu tunaondoka. Kupima kuwe na bei yake, ilipwe hata kama kazi haikuendelea, na dogo apate kwenye hiyo maana ndo kichwa chake kilichofanya kazi.

Fundi_Ipogolo

Dereva asante kwa kusema hilo la kupima, liandikeni ukutani.

Kuhusu gari kurudi, mi natofautisha. Likirudi kwa sababu bolti haikukazwa, hosi ilisahaulika, hiyo ni mkono wa kijana, anarudia kazi bila fungu la ufundi ila kiasi chake cha siku anapata, kula lazima ale. Likirudi kwa sababu spea ilikuwa feki, duka na aliyechagua. Likirudi kwa sababu mteja alikataa kilichoshauriwa kama hiyo sili, ni kazi mpya na inalipwa upya. Ila hii ya tatu haisimami bila maandishi. Kabla ya kufunga andika kwenye daftari "oili sili ya nyuma inalowa, mteja kakataa kubadilisha", asaini au apigwe picha akiwa ameshika ile spea. Wateja wakishajua mnaandika nusu yao wanakubali kununua sili.

MzeeWaSpana_Soweto

Kwa hiyo hapo kuna dhamana. Basi 35 naikubali, ila mpandisheni kwa hatua, 30 hadi mwisho wa mwaka, aone kuna ngazi. Na mwanangu usiache cheti. VETA wana utaratibu wa kumpima kwa vitendo mtu aliyejifunzia ufundi mtaani, akifaulu anatambuliwa kwa cheti bila kurudi darasani miaka. Gereji ilipie. Akiwa nacho hata siku akienda kwenye kampuni za mabasi au migodini anasikilizwa, na wewe ukiulizwa gari lilifungwa na nani una cha kuonesha.

BintiGereji_Uyole

Nimeongea na mzee jana jioni, nilimsomea mpaka mlipoandika wazee wenzake ndo akasikiliza vizuri. Kakubali 30 kuanzia Jumatatu na 35 mwezi wa kwanza, 8,000 ya kila siku bila kuwa deni, na daftari la mistari ambalo dogo anasaini kila gari. Ile hela ya wiki aliyokatwa kasema mpe, akainuka akaenda kumwambia mwenyewe. Kupima tumeweka 10,000, ya gari dogo.

Kilichotukwamisha ni kimoja. Kuna kadogo kengine kamekuja, kana miaka 18, ndo kanashika tochi saivi. Mzee anasema dogo mkubwa ndo amlipe kwenye fungu lake kwa sababu anamsaidia yeye. Mimi sijaridhika. Mnafanyaje nyie?

Fundi_Ipogolo

Hapana dada, asimlipe yeye. Ukimwambia amlipe msaidizi kwenye 30 yake atamkataa msaidizi, na asipokuwa na wa kushika tochi kazi inachelewa, nani atajifunza? Huyo mdogo ni wa gereji, alipwe na gereji kutoka fungu la gereji, na aanze na kiasi kinachoeleweka cha kila siku kilichoandikwa, sio kuangalia mfuko una nini.

MzeeWaSpana_Soweto

Hapo nakubaliana nae moja kwa moja. Mdogo ni wa gereji. Ila mkubwa akimfundisha kitu mpaka akakiweza peke yake, tuseme breki, mwongezeni mkubwa kidogo kwa hilo mwezi huo, muone atakavyomfundisha.